Mikunjo Kumi na Mmoja ya Gauni la Bibi

Mpima ardhi alipostaafu, watu wa mtaa wake walidhani atafuga kuku. Badala yake alinunua cherehani ya kanyagio, akaiweka chumba cha kulia, na meza ya chakula ikageuka meza ya kukatia vitambaa. Tangu siku hiyo yeye na mkewe walikula sahani zikiwa mapajani, kama abiria waliokwama kituoni. Mkewe hakulalamika sana. Alisema afadhali mume anayejulikana alipo.

Hakushona suruali wala sare za shule. Alishona nguo za zamani tu, zile za kola zinazofika kidevuni na sketi za tabaka tatu, akizitoa kwenye picha za kale kwa lenzi na bikari. Alieleza sababu yake mara moja, na hakuirudia. Majirani wanaweza kubishania mpaka wa shamba miaka arobaini, alisema, lakini mshono haubishaniwi: ama umenyooka, ama haukunyooka. Mtaani walimwita Nukta, kwa kuwa hakuwahi kutaja kipimo kisicho na nukta ndani yake.

Dada yake mkubwa, mwalimu mkuu mstaafu, aliona aibu. Kwa mwaka mzima alipita mlangoni pa mdogo wake akitazama upande wa pili. Kisha akamhitaji.

Ilikuwa hivi. Binti wa Mwalimu alikuwa akifundisha watu kuendesha gari, na alikuwa amechumbiwa na mfamasia. Wawili hao walikuwa tayari kuoana hata kesho yake asubuhi. Walichokosa ni tarehe, na tarehe ilipaswa kutoka kwa wazazi. Familia zilikuwa zimekutana mara mbili kuipanga. Kikao cha kwanza kilimalizika kwa mjadala wa upande upi ulitangulia kusoma. Cha pili kilivunjika kwenye swali la nani alikuwa wa kwanza kujenga choo ndani ya nyumba. Mama wa bwana harusi alikuwa metroni wa hospitali kwa miaka thelathini, mwanamke aliyezoea watu wasimame anapoingia. Mwalimu naye alikuwa na mazoea hayo hayo, kwa hiyo wakikutana hakuna aliyejua akae nani.

Silaha kubwa ya Mwalimu ilikuwa ukutani sebuleni kwake. Ilikuwa picha ya bibi yao, mama wa mama yao. Bibi amesimama kando ya kiti ambacho mkono wake mmoja umevunjika, ameshika shada la maua ya karatasi, bangili ya fedha mkononi. Gauni ni jeupe, mikono imefura mabegani, vifungo vidogo ishirini na viwili vimeshuka kutoka kooni hadi kiunoni. Kutokana na gauni hilo Mwalimu alikuwa amejenga mtu mzima. Bibi alishonewa ng'ambo. Bibi alisema lugha tatu. Bibi alikuwa na miavuli saba, mmoja kwa kila siku ya wiki. Miavuli haikuwa na ushahidi wowote, lakini gauni lilikuwa pale, na kwa hesabu ya Mwalimu gauni kama lile haliwezi kuishi bila miavuli.

"Mdogo wangu," alisema Mwalimu, akiwa amesimama chumba cha kulia kwa mara ya kwanza, "nataka gauni la Bibi."

"Lile la pichani?"

"Bibi alikuwa na mangapi tunayoyajua? Mwanangu alivae Jumamosi ya mwisho wa mwezi, wakwe wakija. Waingie wamwone yeye, wainue macho wamwone Bibi. Wanyamaze."

"Juzi ulisema kumpa mwanamume lesi ni kumpigia mbuzi gitaa."

"Juzi sikuwa na haja na mbuzi. Sikiliza. Liwe lile lile. Kifungo kwa kifungo, mkunjo kwa mkunjo. Usiniletee la kufanana."

"Mkunjo kwa mkunjo?"

"Kwani nimesema lugha gani?"

Mpima ardhi alianza na bangili, kwa sababu ndicho kitu pekee kilichoonekana pichani na kilichokuwa bado kipo duniani. Mwalimu alikuwa nayo sandukuni. Upana wake ulikuwa sentimita 6.4. Kwenye picha, chini ya lenzi, ulikuwa milimita 3.2. Kwa hiyo kila milimita ya picha ilikuwa sentimita mbili za Bibi. Alichora kila kipande cha gauni kwenye karatasi, akakata shuka kuukuu, akalipiga bandi kwa uzi mweusi ili makosa yaonekane. Hakugusa kitambaa kizuri kabla shuka halijatoa ushahidi.

Gauni la shuka, lililokatwa kwa mwili wa mpwa wake, lilimkaa vizuri. Mwalimu alilizunguka akiwa na picha mkononi, kama mkaguzi wa elimu.

"Mikunjo iko wapi?"

"Ipi?"

"Hii." Alionyesha kwa kidole. Kutoka kifuani mwa Bibi kwenda kwapani kulikuwa na mikunjo midogo, mitano upande mmoja na sita mwingine. "Ndiyo uzuri wenyewe. Hapa kwako naona ubao."

Gauni la pili la shuka alilishonea mikunjo kwa sindano, kumi na mmoja, kila mmoja mahali pake. Mwalimu alilitazama kwa sekunde tatu.

"Hili ni pazia. Ya kwako imeshonwa. Ya Bibi imetulia yenyewe."

Alikuwa amesema kweli, na kweli hiyo ilimnyima mdogo wake raha kwa siku tatu. Kama mikunjo haikushonwa, basi kulikuwa na kitu kilichoivuta. Akarudi kwenye lenzi. Safari hii aliona alichopaswa kuona mwanzo. Mshono wa bega haukuwa begani. Ulikuwa umeanguka sentimita sita chini yake. Mikono ilifika kwenye vifundo vya vidole. Na mikunjo yote kumi na mmoja, ya kushoto na ya kulia, ilielekea mgongoni. Alipima kivuli cha kila mkunjo, akajumlisha, akarudia mara tatu. Kifua cha Bibi, kwa makadirio, kilikuwa sentimita 84. Kifua cha gauni kilikuwa 132.5.

Gauni la tatu alilishona kwa kitambaa kizuri, na kwa kipimo hicho.

"Mjomba," alisema mpwa wake akiwa ndani yake, sauti ikitoka kama mtu aliye pangoni, "hili ni gauni au hema?"

"Simama wima."

Alitoka nje, akarudi na vibanio sita vya kuanikia nguo. Akasimama nyuma ya mpwa wake, akakusanya kitambaa kilichozidi, akabana: kimoja shingoni, viwili mabegani, viwili kiunoni, kimoja katikati ya mgongo. Kisha akamwambia atazame kwenye kioo, naye akainua picha kando yake.

Mabega yalishuka sentimita sita. Mikono ilifika kwenye vifundo vya vidole. Kifuani, bila sindano kupita, ilitokea mikunjo midogo ikielekea kwapani. Mwalimu aliihesabu kwa kidole, midomo ikicheza. Mitano. Sita.

"Gauni lilikuwa la mpiga picha," alisema Mpima ardhi. "Alikuwa nalo moja kwa wateja wote. Alilikata kwa mwanamke mnene kuliko wote, na mwembamba akija anabanwa kwa nyuma. Kamera haioni nyuma."

Binti alicheka mpaka kibanio kimoja kikaruka. "Mama! Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako."

"Matako ilisitiri," alisema mjomba wake. "Ni mgongo tu."

Mwalimu hakucheka. Alikaa kwenye kiti cha cherehani, mguu mmoja ukigusa kanyagio, na gurudumu likazunguka nusu duru na kusimama.

"Na miavuli?" aliuliza.

"Picha haina mwavuli, Dada."

Aliponyanyuka alikuwa amekwisha kuamua, kama alivyokuwa akiamua kwenye mikutano ya walimu kabla ajenda haijasomwa.

"Jambo hili linabaki humu. Gauni atalivaa hivi hivi, na vibanio vyake. Nilitaka mkunjo kwa mkunjo, nimepata. Atakaa ameegemea ukuta na hatampa mtu mgongo. Na wewe, mdogo wangu, kinywa chako kimefungwa. Niahidi."

"Wakiniuliza?"

"Nani akuulize? Umewahi kuulizwa?"

Aliahidi. Alikuwa mtu aliyekwenda mahakamani mara nyingi kutoa ushahidi wa mipaka, na neno lake hakulitoa ovyo.

Jumamosi ilifika. Sebule ilikuwa imepangwa ili njia zote ziishie kwenye kiti kimoja chini ya picha. Binti aliingia kwa ubavu, mgongo ukiambaa ukutani kama kaa anayetafuta tundu, akakaa. Mfamasia alimsogelea.

"Mbona unatembea hivyo?" alinong'ona. "Mgongo?"

"Mgongo."

"Unauma?"

"Bado."

Metroni aliingia akifuatwa na kaka wa marehemu mumewe, mzee aliyeitwa Baba Mkubwa na watu wote, hata aliowazidi kwa mwaka mmoja. Alikuwa karani wa mahakama miaka thelathini, akiandika hukumu za wengine, na baada ya kustaafu alianza kutoa za kwake. Metroni alimtazama binti, akaitazama picha, akarudi kwa binti. Hakuonyesha mshangao uliotarajiwa. Badala yake alimwomba mwanawe alete kifurushi kilichofungwa kwa kanga, akakifungua juu ya meza.

"Nilisikia mna bibi ukutani," alisema. "Nasi tunaye. Mama wa mama yangu. Nikasema mabibi wataamkiana."

Mwanamke wa kwenye picha alikuwa mwingine, mnene kidogo, mwenye macho ya ukali. Lakini alisimama kando ya kiti kilichovunjika mkono mmoja, alishika shada la maua ya karatasi, na alivaa gauni jeupe lenye vifungo vidogo ishirini na viwili.

Chumba kilinyamaza, kama Mwalimu alivyokuwa ametaka. Ila naye alinyamazishwa.

"Hilo," alisema hatimaye, "ni gauni letu."

"Lenu? Bibi yangu alishonewa ng'ambo."

"Wangu ndiye aliyeshonewa ng'ambo!"

"Basi la kwetu lilifikaje mwilini kwake? Au kamba zetu za nguo zilikuwa karibu na njia?"

"Metroni, chunga ulimi. Bibi yangu alisema lugha tatu."

"Na kwa lugha zote tatu hakujua neno 'rudisha'?"

"Kimya!" alisema Baba Mkubwa. "Jambo hili lina sura moja tu. Kuna mwizi. Anayetafutwa ni bibi wa upande upi."

Mwalimu aliona nyumba yote ikimwangukia, na katika hali hiyo mtu mwenye elimu husema haraka kuliko mwingine. "Ngojeni!" alisema. "Hakuna mwizi. Walikuwa dada!"

"Dada?"

"Bibi alikuwa na dada aliyeolewa mbali, wakapoteana. Mama alituambia tukiwa wadogo. Gauni lilikuwa lao wote wawili!"

Mpima ardhi, aliyelelewa na mama huyo huyo, alitazama dari.

Metroni angeweza kukataa. Lakini kukataa kungemrudisha kwenye wizi, na hakuwa na hakika wizi ungemwangukia nani. "Dada!" alisema. "Ndiyo maana Bibi akikaa peke yake alikuwa akiita, 'Mwenzangu, mwenzangu!' Tukadhani uzee!"

Wakakumbatiana. Walilia, wakaitana ndugu, wakaahidiana kutembeleana. Mpima ardhi alitazama saa: dakika mbili na nusu. Ndipo mfamasia, ambaye kazi yake ilimzoeza kusoma karatasi hadi chini kabla ya kutoa dawa, akasema polepole:

"Mama. Kama bibi zenu ni dada... mimi na mchumba wangu ni nani?"

Mikono ya akina mama ilibaki mabegani mwao, ikakosa pa kwenda.

"Ndugu," alisema Baba Mkubwa, kwa furaha ya mtu aliyepewa kesi nzuri. "Na kwetu ndugu haoi ndugu, hata wa mbali. Kwenu je?"

"Hata kwetu," alisema Mwalimu.

"Basi ndoa hakuna."

"Baba Mkubwa, labda hawakuwa dada wa damu," alisema Metroni. "Labda ni wa kuitana tu."

"Umelia, shemeji. Nimekuona. Mtu halilii dada wa kuitana. Njia ni mbili: wizi au undugu. Wizi unavunja heshima, undugu unavunja ndoa. Chagueni, mimi niandike."

Binti alikuwa bado ameegemea ukuta. "Nimefundisha watu mia tatu kuendesha gari," alisema, "na sijawahi kuona ajali ya polepole kama hii." Kisha mzaha ukamwisha. Huu ulikuwa mkutano wa tatu, na alijua watu hawa hawataitisha wa nne. "Mjomba, sema."

"Nimeahidi."

"Ameahidi nini?" aliuliza Metroni.

"Aliyenifunga kinywa yumo humu," alisema Mpima ardhi. "Atakayekifungua ni huyo huyo."

Macho yote yakamgeukia Mwalimu. Kwa miaka thelathini alikuwa amesimama mbele ya wanafunzi kila Jumatatu asubuhi, na mara nyingi, akitaka kuwaonyesha kwamba mtu anaweza kutoka pazuri na kwenda pazuri zaidi, alikuwa amewasimulia habari za Bibi. Kulikuwa na watu wazima mjini, wengine na watoto wao, walioijua idadi ya miavuli. Alimtazama Bibi, kisha bintiye.

"Mama," alisema binti, kwa sauti ya chini. "Mficha uchi hazai."

Mwalimu alinyoosha blauzi yake.

"Simama, mwanangu," alisema. "Geuka."

Binti aligeuka. Mgongoni kulikuwa na vibanio sita: vitatu vya mti, viwili vya plastiki ya buluu, na kimoja chekundu kilichokuwa kimeng'ata kidogo na nguo yake ya ndani. Mwalimu ndiye aliyeendelea, kwa sauti ile ya darasani, bila kuruka hatua: studio moja, kiti kimoja, gauni moja kubwa, wateja wengi. Bibi yake hakuwa na gauni. Bibi yake aliingia na nguo zake za kila siku, akavikwa, akabanwa, akapigwa picha, akavuliwa. Bangili tu ndiyo ilikuwa yake.

"Mdogo wangu ana vipimo," alimaliza. "Mkitaka."

Metroni hakuvitaka. Aliomba lenzi, akainama juu ya picha yake mwenyewe, akakaa hivyo muda mrefu. Alikuwa amefunga bendeji miaka thelathini. Alijua kitambaa kilichokaa na kilichovutwa. Bado angeweza kubisha. Mwanawe alisimama pembeni yake na hakuondoka.

"Imevutwa," alisema Metroni, akanyanyuka. "Hata yetu imevutwa. Wote wawili walivishwa tu."

"Si wezi wala ndugu," alisema Baba Mkubwa, kwa masikitiko. "Kesi imefutwa."

Kwa muda, kama wa kunywa maji, chumba kilikuwa na amani. Hakukuwa tena na mtu wa kujivunia, na watu walikaa bila kujua waweke wapi mikono. Metroni aliinama tena kwenye picha, kwa mazoea tu.

"Ila," alisema, "ya kwetu ina mikunjo saba."

"Saba?" alisema Mwalimu.

"Saba. Ya kwenu ni mingapi?"

"Kumi na mmoja."

"Basi wetu alibanwa kidogo. Wetu alilijaza gauni." Mgongo wa Metroni ulinyooka. "Alikuwa na mwili. Kwetu kulikuwa na chakula."

"Mwanamke wa heshima halijazi gauni la watu," alisema Mwalimu, "analiachia nafasi. Kiuno kama kile cha Bibi utakipata wapi leo? Vibanio sita, Metroni! Sita!"

"Sita ni aibu!"

"Sita ni umbo!"

"Utaratibu!" alisema Baba Mkubwa, akitoa kalamu mfukoni. "Tumsikilize mtaalamu. Bwana, upande wetu ulikuwa na vibanio vingapi? Sema kama uko mbele ya mahakama."

Lilikuwa swali la kwanza ambalo yeyote alikuwa amemuuliza kama shahidi tangu astaafu. Mpima ardhi alichukua lenzi, akavuta kiti mezani, akakunjua futikamba. "Kwa mikunjo saba," alisema, "ni vinne. Au vinne na nusu."

"Nusu kibanio ni kitu gani?" aliuliza Metroni.

"Ni kibanio kilichoshika vibaya."

"Chetu hakikushika vibaya!"

Wote watatu walimwinamia, vichwa vikigusana juu ya picha mbili. Binti alitazama migongo yao, akamtazama mchumba wake.

"Jumamosi ya tatu ya mwezi ujao," alisema, kwa sauti ya kawaida.

"Naunga mkono," alisema mfamasia.

"Kuna pingamizi?"

"Andika vinne!" alikuwa akisema Metroni.

"Vinne na nusu," alisema Mpima ardhi, "na ikibidi nitaapa."

Hoja ya tarehe ikapita bila kupingwa.